Spika Kwenye Dari ya Bibi

Mimi ni mtoto wa kambi. Baba yangu alitoka kusini kuja kukata mkonge kwenye mashamba ya tambarare, akaoa hukohuko, akazaa hukohuko. Kwa hiyo nilipoolewa na kupandishwa milimani, Upare wa juu, kulikuwa na mambo mengi ya kunishangaza, na mojawapo lilikuwa dari. Kambini tulilala tukitazama bati. Mvua ikinyesha, mnaacha kuongea mpaka iishe. Kwa wakwe zangu kulikuwa na dari ya mbao nyumba nzima, na mvua ilisikika kama inanyesha kijiji cha jirani. Wiki za kwanza nilikuwa nikilala chali, macho juu, nikijiuliza huko kuna nini.

Tulikuwa wanne ndani ya nyumba ile. Baba mkwe, mgane, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Mama yake mzazi, ambaye sote tulimwita Bibi. Mume wangu, aliyekuwa akipima kahawa kwenye chama cha ushirika. Na mimi, ambaye Kipare chao nilikijua cha kusalimia tu.

Bibi alikuwa hatoki kitandani. Mwaka mmoja kabla sijaja aliteleza kwenye mfereji wa kumwagilia mahindi akavunjika nyonga. Alikaa hospitali miezi mingi, akarudishwa kwa machela, vijana wakipokezana kumbeba kutoka barabarani. Hospitali walisema mfupa umeunga, sasa afanye mazoezi ya kusimama. Bibi alikataa. Mtu akimshika mkono kumwinua, anajilegeza kama gunia. "Mniache," alisema. "Nikitaka kusimama nitasimama. Sitaki kusimamishwa."

Redio ilikuwa sebuleni, juu ya meza ndogo yenye kitambaa cha kufuma. Lilikuwa sanduku la mbao lenye betri kavu kubwa kama tofali, na betri ile ilitunzwa kuliko kuku wa mayai. Redio ilifunguliwa kwa taarifa ya habari, matangazo ya vifo, na kwaya siku ya Jumapili. Baada ya hapo, kimya. Miaka ile ilikuwa ya mambo mengi. Azimio lilikuwa limetangazwa, watu wanaambiwa wakae pamoja, walime pamoja, na kila jioni mtangazaji alikuwa na maneno mapya ambayo hatukuwahi kuyasikia kambini wala milimani.

Chumba cha Bibi kilikuwa nyuma, ng'ambo ya ukumbi mwembamba. Yeye redio aliisikia kama mngurumo tu.

"Kuna mtu anaongea nyumbani kwangu kila jioni," aliniambia siku moja nilipompelekea uji, "na hajawahi kuniingilia chumbani anisalimie."

"Ni habari tu, Bibi."

"Nani amekufa leo?"

Nikamtajia jina nililolikumbuka. "Wa ukoo gani? Wa wapi? Ameacha nani?" Sikujua. Alinitazama kama mtu aliyetumwa dukani akarudi na kibiriti kitupu.

Nilianza kuichunguza ile redio kwa ajili yake. Nikiipangusa vumbi niliona nyuma, chini ya mahali pa kuchomekea waya wa antena ulio juu ya nyumba, vitundu viwili vidogo visivyo na kitu. Nilimwuliza mume wangu ni vya nini. Hakujua. Nikamwuliza Baba mkwe. Akasema, "Vimekuja navyo." Jibu hilo halikunitosha. Kitu hakitobolewi bure.

Tukashuka Same siku ya mapumziko ya mume wangu, tumepanda lori la ndizi. Karibu na stesheni ya reli palikuwa na fundi wa redio, mtu wa Tabora, aliyejaa maneno na utani. Nilipomweleza vile vitundu alicheka kwa furaha. "Hapo ndipo penye mlango wa pili, shemeji! Unachomeka waya, unauvuta mpaka chumba unachotaka, unaweka spika nyingine. Redio moja, sauti mbili."

Akatutolea spika tatu, akazipanga mezani. Moja ilikuwa kubwa kama ungo mdogo. Moja ya duara refu kama yai, imetoka kwenye gari lililopinduka, karatasi yake imechanika kidogo na kuzibwa kwa karatasi ya sigara. Ya tatu ilitosha kwenye kiganja.

"Mnataka ya dansi au ya kusikilizia?" aliuliza, akaunganisha ile kubwa. Muziki ukatoka mnene, wa kifua, hata meza ikatetema. Mume wangu akaanza kutikisa kichwa. Nilijua tayari ameshainunua moyoni.

"Sisi tunataka maneno," nilisema.

"Maneno yatatoka humohumo."

"Basi tungoje maneno."

Tukangoja matangazo. Yalipoanza, niliwaomba waniache nikasimame nje, nyuma ya kibanda, nisiione spika wala nisijue ni ipi inayolia. Mume wangu aliona aibu, lakini fundi alipenda mchezo huo. Nikaegemea ukuta wa mabati, nikafumba macho. Ya kwanza ilikuwa kama mzee anayeguna baada ya kushiba. Ya pili ilichoma kama mbu, nikasikia sauti lakini majina yakawa yanakatika vichwa. Ya tatu nikasikia mtu anatangaza kifo cha mama mmoja wa Kisiwani, ndugu wafuatao waarifiwe, na kila jina likaniingia zima. Nikarudi mbio. "Hiyo! Hiyo inayosema sasa hivi!"

Ilikuwa ile ya gari, yenye kiraka.

"Imechanika," mume wangu alisema.

"Mbona inasema vizuri kuliko zisizochanika?"

Fundi alitupimia waya wa nyuzi mbili, akatuonya jambo moja. Spika isiachwe mgongo wazi, kwa sababu sauti ya mbele na sauti ya nyuma zikikutana zinamezana. "Itieni kwenye sanduku, au kwenye ubao wenye tundu." Njia nzima ya kupanda mlima nilikuwa nayo mapajani, nikiiwazia hiyo sauti inayojimeza.

Mume wangu alitengeneza kisanduku, akakigongomea kwenye kibao karibu na kichwa cha Bibi. Jioni ile tulisimama mlangoni kumtazama. Baba mkwe akawasha redio sebuleni. Mtangazaji akasema "Hamjambo" palepale kwenye mto. Bibi aliruka, akajifunika shuka mpaka kidevuni.

"Mtoeni!"

"Ni spika tu, Bibi," mume wangu alisema.

"Mwanamume wa kusema karibu na mto wangu alikuwa mmoja, naye tulimzika. Huyu mtoeni."

Tulicheka, lakini yeye hakucheka, na kisanduku kikang'olewa usiku uleule. Kesho yake nilimwuliza, kwa kuwa nilitaka kweli kujua, ni wapi basi mwanamume yule anaweza kusimama bila kumkosea adabu. Akaonyesha kwa mkono: mlangoni, hapana, atakuwa kama mdai. Dirishani, hapana, mwizi. Mwisho akatazama juu.

"Mchungaji husimama juu," alisema. "Akisema kutoka juu, nitajua anasema na watu wote, si mimi peke yangu."

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa dari. Na hivyo ndivyo hatimaye nilivyojua kuna nini huko juu, maana mimi ndiye niliyekuwa mwepesi wa kupita kwenye tundu la kupandia. Kulikuwa na vumbi la miaka, kiti kisicho na mguu, vibuyu, jembe bila mpini, na joto la bati lililonikumbusha kwetu. Nilitambaa juu ya maboriti, nimebeba spika kifuani kama mtoto, mume wangu akinisogezea waya kutoka sebuleni. Bibi tulikuwa tumemhamishia kiti cha kamba pembeni mwa chumba, naye mume wangu akaenda kulala kitandani kwake, amenyooka, asikilize badala yake.

Kabla ya kukata chochote tulijaribu. Niliilaza spika kifudifudi juu ya mbao, Baba mkwe akawasha.

"Juu ya kichwa!" mume wangu aliita kutoka chini. "Inanipiga usoni!"

Nikasogea. "Hapo?"

"Hapo imekuwa kama iko chumba kingine!"

Nikasogea tena, kuelekea miguuni. Hapo ilitokea kitu ambacho sikukitegemea. Mbao zenyewe zilianza kusema. Niliweka kiganja juu ya ubao, nikausikia unatetemeka kidogo kwa kila neno, kama tumbo la paka.

"Hapo," Bibi alisema. Alikuwa hajaulizwa. "Mwache hapohapo."

Mume wangu alichora duara kwa sahani, akakata kwa msumeno mwembamba, tukaizungushia spika ubao, tukaweka wavu wa chekeche kuukuu juu yake kuzuia panya, na kwa chini tukafunika tundu kwa kipande cha kanga ya Bibi mwenyewe. Ukiingia chumbani usingejua ni nini. Ungedhani dari imetiwa kiraka.

Tangu siku hiyo Bibi akawa mtu mwingine jioni. Anataka kunawa uso kabla ya habari. Anataka kitambaa kichwani. Na jirani yake, mwenzake wa tangu usichana, ambaye Kiswahili kilimpita pembeni kabisa, akawa anakuja kila siku na kigoda chake. Redio ikizimwa, mlango unafungwa, wanabaki wawili wanazungumza Kipare.

Jioni moja, redio ilikuwa imezimwa kitambo na mimi nilikuwa nanyoosha kitambaa cha meza yake. Nilipoinama, nikasikia mtu anakohoa ndani yake.

Nilirudi nyuma. Nikatazama kitufe: kimezimwa. Nikasogeza sikio taratibu mbele ya redio, kwenye kitambaa kinachofunika spika yake. Ndani kabisa, ndogo kama ya mtu aliye chini ya kisima, ilikuwa sauti ya Bibi. Anasema Kipare, anasimulia, na mwenzake anaitikia.

Nikaenda kumwita mume wangu. Akasikiliza, akatoa macho. Akakagua waya, akachomoa, sauti ikakatika. Akachomeka, ikarudi. "Spika inasikia," alisema polepole. "Ile ya juu inasikia, na hii ya chini inasema." Tukatazamana. Ilikuwa kana kwamba tumegundua mlango unaofunguka pande zote mbili.

"Anasema nini?" nilimwuliza.

Akaweka sikio tena. Mabega yakaanza kumtikisika.

Niseme tu kwamba jioni ile taarifa ya habari ilikuwa imewahimiza wananchi kuwafichua kupe na kukomesha unyonyaji. Sote tulijua kupe hao ni watu, wale wanaokula jasho la wenzao.

"Bibi anamweleza mwenzake habari," mume wangu alisema. "Anasema serikali imekasirikia kupe. Kila mwenye ng'ombe awaogeshe kabla ya mvua. Na unyonyaji ukomeshwe, yaani ndama waliokua watenganishwe na mama zao, maziwa yapatikane."

Baba mkwe alikuwa ameingia, amesimama nyuma yetu na Biblia yake mkononi. Tulidhani atatugombeza. Aliiweka Biblia mezani, akaweka sikio. Sijawahi kumwona mzee yule akijizuia kucheka kwa shida namna ile. Aliuma midomo, machozi yakamtoka. Kisha akajinyoosha.

"Si vizuri kumsikiliza mtu asiyejua anasikilizwa," alisema. "Kesho tutamwambia."

"Ndiyo, Baba."

Lakini kesho yake kabla ya kumwambia yalitokea mengine.

Ilikuwa mchana, siku ya Jumapili, tumetoka kanisani. Redio ilikuwa imetoa kwaya, kisha hotuba ndefu juu ya ujamaa na kujitegemea, kisha ikazimwa. Baba mkwe alikuwa anangoja jirani aondoke ndipo aende kwa mama yake na habari ya ile spika. Kila baada ya muda aliinama kwenye redio kusikia kama jirani ameaga, na mara moja alipoinama hakuinuka.

"Kuna nini, Baba?" nilinong'ona. Nisingeweza kuweka sikio langu karibu na lake. Yeye ni mkwe wangu, na redio ilikuwa ndogo.

"Wanabishana," alisema. Akaanza kunitafsiria, kwa Kiswahili chake cha taratibu, jicho moja limefumbwa. "Jirani anauliza hilo neno wanalolisema kila siku, kujitegemea, maana yake nini. Mama anasema, ni mtu anayeegemea na kitu anachoegemea kuwa ni yeye yuleyule." Akangoja. "Jirani anasema hiyo haiwezekani. Mwenye kuegemea lazima awe na ukuta."

Mume wangu alisogea.

"Mama anasema inawezekana." Akangoja tena. Uso ukabadilika. "Jirani anasema, nionyeshe."

Kulikuwa na kishindo kidogo. Hicho tulikisikia hata bila redio.

Mume wangu akaruka kuelekea ukumbini. Baba mkwe alimshika shati bila kuinua kichwa. "Ukiingia atalala. Unamjua. Kaa."

Tukakaa. Nakumbuka mikono yangu ilikuwa imeshika ukingo wa meza ile, na kitambaa cha kufuma kikikunjamana chini ya vidole. Baba mkwe alisema alichosikia, kimoja kimoja. Amekaa ukingoni mwa kitanda. Anahema. Anaomba fimbo. Jirani anauliza kama fimbo si ukuta. Mama anamwambia fimbo ni ya kwake mwenyewe, kwa hiyo inahesabika kuwa yeye. Anahema. Kitanda kimelia. Kimya.

"Kimya gani, Baba?"

"Kimya tu."

Halafu tukasikia fimbo kwenye sakafu, si redioni, ukumbini. Ikagonga, ikatulia, ikagonga. Mlango wa sebule ukasukumwa. Bibi alikuwa amesimama. Alikuwa mfupi kuliko nilivyodhani. Tangu niolewe nilikuwa sijawahi kumwona wima. Nyuma yake jirani alikuwa amepanua mikono kama anayefukuza kuku, lakini hakumgusa.

Bibi alitutazama mmoja mmoja. Mwanawe, kichwa kimeinama redioni. Mjukuu wake, shati limevutwa. Mimi na meza.

"Mbona mnasikiliza redio iliyozimwa?" aliuliza.

Nilimvutia kiti, akakaa mwenyewe, na hapo Baba mkwe akamwambia yote, kwa Kiswahili ili nami nielewe. Spika, waya, kupe, ndama, ubishi wa leo. Bibi alisikiliza huku akipangusa jasho kwa ncha ya kanga.

"Kwa hiyo kitu kile kina mdomo na sikio."

"Ndiyo, Mama. Hatukujua. Utusamehe."

"Na mmenicheka kwa ajili ya kupe."

Mume wangu akajaribu kueleza kwa upole kwamba kupe wa redioni si wale wa ng'ombe. Bibi alimkatiza kwa kuinua fimbo kidogo.

"Mimi najua kupe ni nani. Nimelipa kodi ya kichwa cha mume wangu kwa kahawa, nikapunjwa kwenye mizani, unadhani sijui kupe? Lakini huyu," akamgeukia jirani, ambaye alikuwa anatabasamu bila kuelewa, "ana ng'ombe wawili na hana tajiri. Nikimpa habari ya matajiri ataifanyia nini? Nimempa inayomfaa. Leo alfajiri kawaogesha."

Baba mkwe safari hii alicheka waziwazi, na Bibi naye akacheka, akikohoa. Kisha akaomba jambo moja: kitu cha kuziba lile sikio wakati anapotaka. Mume wangu alipata swichi kwa fundi wa Same, akaifunga kwenye waya, ikaning'inia karibu na mto. Bibi aliipenda swichi kuliko redio yenyewe. Alijifunza haraka kwamba, akiiacha wazi na kukohoa mara mbili kwa nguvu, mtu aliye karibu na redio ataleta uji.

Lakini kusimama hakukuishia Jumapili ile. Kila siku alikuja sebuleni kwa fimbo, kwanza kwa ajili ya vifo, baadaye kwa habari nzima. Siku ya kwanza alimtaka mume wangu afungue mgongo wa redio. Aliinama akatazama ndani muda mrefu, zile taa ndogo za vioo na waya zilizosukwa.

"Huyu anayesoma habari," alisema, "naye anatusikia?"

"Hapana, Bibi. Yeye yuko mbali sana, Dar es Salaam."

"Umejuaje?"

"Haiwezekani, Bibi."

"Hata mimi mlidhani hamnisikii."

Mimi pia nilitaka jibu. Nilijua lazima lipo, na tuliposhuka Same mara nyingine nilimwuliza fundi, naye alinichorea kwenye karatasi ya sigara mnara, mawimbi, na mshale unaokwenda upande mmoja tu. Nilipanda nao mlimani nikamwonyesha Bibi. Aliufuata mshale kwa kidole mpaka mwisho, akakubali kwa kichwa.

"Basi hakuna ubaya," alisema, akavuta kiti karibu na kigoda cha jirani yake, akaanza kumweleza habari za siku ile, zile zinazomfaa.